Kifaransa cha faili za Kongo: kisa cha karani aliyepewa miezi minne

Mwishoni mwa Februari karani mmoja, mwanamke, wa ofisi ya wakala wa forodha, maeneo ya Posta, aliitwa na bosi wake akaambiwa kwamba ikifika Julai yeye ndiye atakayeshika faili za Kongo. Mzee aliyezishika miaka yote, mtu wa Kigoma aliyesomea Bukavu, alikuwa anahamishiwa tawi la Tunduma. Mzee huyo anaongea Kifaransa bila kufikiri. Karani hakuwa nacho hata cha salamu. Alikuwa na umri wa miaka 37, watoto wawili, cheti cha forodha, uzoefu mzuri wa mizigo ya Zambia na Malawi, na nyumba huko Mbezi, Kwa Msuguri. Alinipata kupitia shoga yake niliyewahi kumfundisha, na hakuzunguka: "Mwalimu, miezi minne inatosha?"

Ameniruhusu nieleze kisa chake mradi nisitaje jina lake wala la ofisi. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu watu wazima wengi wanaokuja kwangu jioni wana swali hilo hilo, na jibu wanalopewa huko nje, la "ukijituma utaweza", halimsaidii mtu kupanga hata wiki moja.

Tuanze na saa. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kinachowafundisha wanadiplomasia lugha kinakiweka Kifaransa kwenye kundi jepesi kwa anayejua Kiingereza, na bado kwa miaka mingi kimekipa kati ya saa 600 na 750 za darasani mpaka mtu aweze kukifanyia kazi. Kiswahili chetu wamekipa saa 900, Kichina 2,200. Na hao ni watu wanaolipwa mshahara kusoma, wanakaa darasani kutwa, kisha wanarudi nyumbani na kazi za ziada.

Karani wetu anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapanda bajaji mpaka Kimara Mwisho, anapanga foleni ya mwendokasi, anafika kazini kabla ya saa mbili. Jioni ni hivyo hivyo kinyume chake, na akifika nyumbani kuna chakula na daftari za watoto. Tulipokaa kuhesabu bila kujidanganya, tulipata kama dakika arobaini kwa siku, siku sita za wiki. Kwa miezi minne hizo ni saa 70 hivi, kama sehemu ya kumi tu ya hesabu ya Wamarekani. Nilimwambia wazi kwamba kwa saa hizo Kifaransa hakijifunzwi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa mwalimu, mimi Julai nitafanyaje?"

Hilo swali la pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Bosi hakuwa amemwagiza ajue Kifaransa. Alimwagiza ashike faili za Kongo, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa hapo ofisini hakuna aliyekuwa ameyatenganisha, hata yule Mzee mwenyewe.

Daftari la wiki moja

Kwa hiyo hatukufungua kitabu. Nilimwomba wiki nzima akae karibu na meza ya Mzee, na kila Kifaransa kinapojitokeza aandike mstari mmoja: kimetoka kwa nani, kwa njia gani (simu, karatasi, baruapepe, ujumbe wa sauti), na Mzee alitakiwa kufanya nini baada ya hapo. Maneno yenyewe asiyaandike, maana asingeyashika.

Daftari lilirudi na jambo ambalo lilinipendeza sana. Wateja wengi waliopiga simu hawakuongea Kifaransa kabisa. Waliongea Kiswahili. Ukitazama ramani utaona ni kwa nini. Mzigo wa Kinshasa kwa kawaida unaingilia Matadi, upande wa Atlantiki. Mzigo wa Kongo unaopitia Dar unakwenda kusini na mashariki: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kalemie, Uvira, Bukavu. Huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni, na ni kimojawapo cha lugha nne za taifa la Kongo pamoja na Kilingala, Kikongo na Kichiluba (Tshiluba). Mteja wa Lubumbashi anapiga simu anauliza, "Mama, camion iko fasi gani?", yaani lori liko wapi, na mtu wa Dar anaelewa bila mkalimani.

Kifaransa kilikuwa wapi basi? Cha kwanza, kwenye karatasi. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 wapo waliodhani makaratasi yatageuka lugha, lakini forodha ya Kongo inafanya kazi kwa Kifaransa, na wauzaji wa vifaa walioko Ubelgiji na Ufaransa wanatuma ankara kwa Kifaransa. Cha pili, kwenye tarakimu. Mtu wa Lubumbashi ataongea Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, ila akifika kwenye bei, tarehe, uzito au namba ya kontena, anahamia Kifaransa bila hata kujua kwamba amehama. Cha tatu, baruapepe za makao makuu, hasa za kampuni zinazohudumia migodi, ambazo ni fupi na zinafanana. Cha nne, simu za Kinshasa, ambazo hazina Kiswahili hata chembe, lakini kwa wiki nzima zilikuwa mbili tu.

Hapo kazi ikawa imepungua yenyewe. Alihitaji kusoma aina chache za karatasi, kusikia namba, kuandika barua fupi, na kuwa na namna ya kutoka salama kwenye simu ya Kinshasa. Kujieleza anakaa wapi, anapenda chakula gani, jana alifanya nini, yote hayo yaliwekwa kando. Najua walimu wenzangu watakunja uso hapa, kwa sababu kozi zote, pamoja na ninazofundisha mimi, zinaanza na kujitambulisha. Zinaanza hivyo kwa sababu zimetengenezwa kwa mtu mwenye miaka miwili mbele yake. Huyu alikuwa na tarehe.

Karatasi anazozijua tayari

Sehemu ya karatasi ilikwenda haraka kuliko nilivyotegemea, na sababu haikuwa ufundishaji. Karani wa forodha aliyeshika mamia ya hati za shehena anajua kila kisanduku kinataka nini hata kiwe kimeandikwa kwa lugha gani. Tulichukua nakala za faili zilizofungwa, kwa idhini ya bosi, majina ya wateja yamefutwa kwa wino mweusi. Nikampa ya kwanza, nikamwambia asinitazame mimi, aniambie hiki ni nini. Akaangalia: juu kushoto mtumaji, chini yake mpokeaji, katikati meli na bandari, kulia namba. "Hii si BL?" Ndiyo, BL, hati ya shehena, wenyewe wanaiita connaissement. Kuanzia hapo expéditeur ni mtumaji kwa sababu yupo pale mtumaji anapokaaga, destinataire ni mpokeaji, colis ni vifurushi, poids brut ni uzito pamoja na kifungashio. Kiingereza chake cha kazini kilimbeba pia: certificat, manifeste, destination havihitaji kamusi.

Ila Kiingereza hicho hicho kilimwekea mitego, na mitego hiyo niliitafuta mapema. Délai kwenye barua ya Kifaransa si kuchelewa, ni muda uliopangwa. Karani mgeni akiona mteja anaulizia délai de livraison anaweza kuanza kuomba radhi, wakati mteja anataka tu kujua mzigo utachukua siku ngapi. Franchise hapa ni zile siku za bure kabla tozo ya kuchelewesha kontena haijaanza kuhesabiwa, na tozo yenyewe, ambayo ofisini kila mtu anaiita demareji, kwenye karatasi za Kifaransa ni surestaries. Éventuellement ni huenda, wala si hatimaye. Hayo tuliyaandika kwenye karatasi moja akaibandika pembeni ya kompyuta.

Mtego mkubwa haukuwa neno. Ulikuwa mkato. Sisi tumefundishwa kwa utaratibu wa Kiingereza: mkato unatenganisha maelfu, nukta inatenganisha desimali. Kwa Wafaransa na Wabelgiji mkato ndio wa desimali, na maelfu yanatenganishwa kwa nukta au nafasi tupu, na Kongo imerithi huko. Kwenye karatasi yao 1.850,00 ni elfu moja mia nane na hamsini. Na 4,250 kg ni kilo nne na gramu mia mbili hamsini. Mtu aliyezoea ankara za Zambia anaona hapo tani nne na robo, na hakuna anayemwambia vinginevyo, kwa sababu namba haionekani ngeni. Neno usilolijua linakusimamisha ulitafute. Mkato unakupitisha ukidhani umeelewa. Nilimpa zoezi la mkato kila Jumamosi mpaka akachoka nalo, na bado niliendelea kumpa.

Kuna atakayeuliza: si kuna programu za kutafsiri kwenye simu? Zipo, na alizitumia, hasa kwa barua ndefu. Kwa kupata maana ya jumla zinatosha. Lakini programu inaweza kukuachia 4,250 kama ilivyo, ikatafsiri maneno yote yanayoizunguka kwa ufasaha, na ufasaha huo ukakutoa wasiwasi pale ambapo ulipaswa kuwa nao. Tena si kila mteja anafurahi ankara yake ikipakiwa kwenye mtandao wa watu. Na kwenye simu, mteja anapokutajia namba akiwa barabarani Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, huku malori yanapiga honi, programu hiyo hutaifungua.

Masikio

Tarakimu ndizo zilizokula muda, na nadhani ndipo kisa hiki kilipo hasa.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi ya nne karibu kila mara ni U. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, inapatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea kusikia moja, mfumo kwa kawaida unagoma. Hilo lilinifurahisha kama mwalimu: mwanafunzi anajua papo hapo amepata au amekosa, bila mimi kuwepo.

Kabla hatujaanza alikuwa ameshajifunza namba peke yake kwenye programu moja ya simu, na alizisema vizuri, moja mpaka mia. Nikampigia sauti ya kijana wa Lubumbashi aliyekuja Kariakoo kumnunulia shangazi yake bidhaa na akakubali kutusomea namba kwenye simu. Karani akaandika. Nyingi hazikutoka. Tatizo la kwanza lilikuwa dogo na la kuudhi: programu ilimfundisha Kifaransa cha Paris, ambako 70 ni sitini-na-kumi na 90 ni mara-nne-ishirini-na-kumi. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na huko wanasema septante na nonante. Kijana aliposema nonante-deux, yeye akaandika 9 kisha 2 akiwa na mashaka, halafu akafuta. Kwa hiyo tulitupa 70 na 90 za Paris, na hasara haikuwepo, maana za Kongo ni nyepesi zaidi.

Ila 80 ilibaki, kwa sababu hapo Wabelgiji na Wakongo wanasema kama Paris: quatre-vingts, nne-ishirini. Mteja anasoma tarakimu mbili mbili. Akisema quatre-vingt-quatre, sikio changa linasikia nne, ishirini, nne, na mkono unaandika 4204 wakati ni 84. Hapa maelezo hayasaidii. Unaweza kumweleza mtu kanuni akaielewa kikamilifu na bado mkono ukaandika 4. Sikio lazima lisikie mpaka likome kuihesabu.

Tatizo la pili lilikuwa herufi. Karani alijifunza herufi kwa Kiingereza, hivyo akisikia "i" anaandika E. G na J za Kifaransa zinampishana kabisa: G inatamkwa kama "zhe", J kama "zhi", kinyume na alivyozoea. Dawa ilikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Nilimwambia asahau ABC ya Kiingereza na asikilize kama mtoto wa chekechea wa Kiswahili anayeimba a, e, i, o, u. I ya Kifaransa ni i yetu hasa, A ni a yetu. Zikabaki chache za kukariri: E na U, ambazo si kama zetu, W, Y, H, na hizo G na J.

Mazoezi yalifanyika ndani ya mwendokasi. Yeyote anayepanda pale Kimara asubuhi anajua kwamba daftari halifunguki humo, na simu haitolewi kizembe. Simu ilikaa chini kabisa ya mkoba, hedifoni chini ya mtandio, na yule kijana wa Lubumbashi akimsomea namba za kontena kuanzia Kimara hadi Posta ya Zamani. Baada ya kila namba tuliacha kimya cha sekunde chache, aiseme moyoni kwa Kiswahili, kisha kijana anairudia. Kile kimya ndicho kilichofanya rekodi iwe mazoezi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba kujipima kwa kukumbuka kunashikisha mambo kwa muda mrefu kuliko kuyasoma tena na tena, na yeyote aliyewahi kukariri namba ya simu ya mtu anajua hivyo bila utafiti. Bila kile kimya angekuwa anasikiliza tu kama anavyosikiliza redio ya dereva.

Maneno ya karatasi aliyaweka kwenye vikaratasi ndani ya bahasha nne: ya leo, ya keshokutwa, ya wiki ijayo, ya mwezi ujao. Analolikumbuka linasogea bahasha ya mbele, analolikosa linarudi ya leo. Mbinu hiyo ni ya zamani, na msingi wake ni wa zamani zaidi: Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 vipimo vyake vya jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka siku za mwanzo, kisha inapungua taratibu. Kwa mtu mwenye dakika arobaini, faida ya bahasha ni kwamba hapotezi hata moja kwa neno ambalo tayari analo.

Wiki mbaya

Katikati ya Aprili mambo yalisimama. Mtoto mdogo aliugua, meli zikafuatana, demareji zikaanza kusoma kwenye faili zake za Zambia, na Jumamosi mbili hakuja darasani. Alinitumia ujumbe wa sauti akisema nafasi yake apewe mtu mwingine, maana yeye kichwa kimejaa.

Tulikuwa tumelipangia hilo tangu mwanzo. Kwenye ratiba yake ya Machi kulikuwa na mstari unaosema: wiki ikiharibika, rekodi ya asubuhi tu, basi. Bila bahasha, bila barua, bila Jumamosi. Nikamkumbusha mstari huo na sikuongeza neno. Kwa maoni yangu ratiba ya mtu mzima isiyo na mstari wa namna hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Mwanafunzi wa chuo akikosa wiki anafidia wikiendi. Mama wa watoto wawili akikosa wiki hana wikiendi ya kufidia, anabaki na aibu, na aibu ndiyo inayomwachisha darasa. Alisikiliza namba kwa wiki kama tatu hivi bila kufanya kingine chochote. Aliporudi alikuwa amesahau nusu ya maneno ya karatasi, lakini masikio yalikuwa yamesonga mbele sana.

Kuanzia Mei alianza kupokea simu za Mzee, Mzee akiwa kando. Hapo Kiswahili, ambacho kilikuwa kimempunguzia kazi, kikageuka kizuizi. Wateja wa Lubumbashi wakisikia anasitasita kwenye namba, wanamhurumia, wanarudia kwa Kiswahili. Ni wema, lakini wema huo ungemwacha alipo. Mzee ndiye aliyepata dawa: alimwambia awaambie wateja mwenyewe kwamba anajifunza, wamsomee kwa Kifaransa, naye ataisoma tena kwa Kifaransa wao wasahihishe. Wakongo wana heshima zao, mwanamke ni Maman na mwanamume ni Papa hata kwenye biashara, na ombi likitolewa kwa lugha hiyo halikataliwi. "Papa, nisomee polepole kwa Kifaransa, nataka kujua." Mteja mmoja wa Kolwezi alifanya iwe desturi, akawa hamwachii mpaka arudie namba mara mbili, na akikosea anamcheka mpaka ofisi nzima inasikia.

Kwa barua hatukuhangaika. Mzee alikuwa na miaka ya baruapepe zilizotumwa. Karani alizipitia akakuta zile zile zinajirudia: naambatisha hati, naomba uthibitisho, mzigo umetoka bandarini, gari limevuka Nakonde (upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma), kuna karatasi imepungua. Alichukua mifupa hiyo, Veuillez trouver ci-joint (tafadhali pokea kiambatisho) na wenzake, akawa anabadilisha namba na tarehe. Sarufi aliyojifunza kwa makusudi katika miezi yote minne ingejaa ukurasa mmoja.

Mwezi wa mwisho nilimwongezea Radio Okapi, redio iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, inayotangaza kutoka Kongo kwa Kifaransa na kwa zile lugha nne za taifa. Nilitaka azoee Kifaransa cha mdomoni mwa Wakongo. Alielewa kidogo tu, ila alisema majina ya miji na namba sasa yanaruka nje ya sentensi yenyewe.

Julai

Mzee aliondoka kama ilivyopangwa. Wiki ya pili ya Julai kijana wa ofisi alikuwa anaingiza taarifa za mzigo wa transiti: vali na vipuri vya pampu kutoka Ubelgiji kwenda Kolwezi. Kwenye orodha kulikuwa na sanduku la mipira ya kuzuia uvujaji, poids brut 4,250 kg. Kijana akaandika elfu nne mia mbili hamsini. Karani, aliyekuwa anapita na chai, akaona mkato. Wakajumlisha orodha nzima, na jumla ya chini ikakubaliana na kilo nne na robo. Sisemi hii ni ushujaa. Jumla ingekataa baadaye, pengine mbele ya ofisa, na gari lingesimama. Lakini hilo ndilo aliloajiriwa kuliona.

Simu ya Kinshasa ilikuja wiki hiyo hiyo, watu watatu kwa mpigo, wanaongea kwa kasi, mmoja amekasirika. Hakuelewa kitu zaidi ya namba ya faili. Akaisoma namba, wakasema oui, akatoa sentensi aliyokuwa ameikariri tangu Machi: Je vous réponds par mail dans une heure, yaani nitawajibu kwa baruapepe baada ya saa moja. Akakata simu, akapiga Tunduma, Mzee akamsaidia, jibu likatoka ndani ya saa. Mpaka leo simu hizo anazitoka kwa mlango huo huo, na ameanza kozi ya kawaida Alliance Française pale Upanga, jioni, tangu mwanzo kabisa: jina lako nani, unakaa wapi. Anasema anaifurahia kwa sababu hakuna tena tarehe.

Bosi anaamini amefaulu kwa sababu ana akili. Mwenyewe anaamini ni rekodi za mwendokasi. Mimi ningelipa daftari la wiki ya kwanza sehemu kubwa zaidi, na iliyobaki ningempa Mzee, maana bila mtu wa kukuachia simu huku amekaa kando, miezi minne ingekuwa mifupi mno. Pia isisahaulike kwamba alikuja na forodha kichwani. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka Kichina cha Guangzhou asiige mpango huu kama ulivyo. Kwake karatasi ndizo zingekuwa mlima, kwa sababu ya maandishi yao, na pengine angeanza na masikio moja kwa moja, bei na toni, akaachana na kusoma kwa mwaka mzima. Naye angehitaji wiki ya daftari, ila daftari lake lingetoa majibu mengine.

Mwezi uliopita bosi alinipigia akitaka na mratibu wa magari afundishwe Kifaransa kwa mtindo huo huo. Nikaomba kwanza aandike simu zake za wiki moja. Zilikuwa za madereva wa Kitanzania walioko Tunduma, mawakala wa Nakonde, na karakana moja ya Kapiri Mposhi: Kiswahili, na Kiingereza kwa upande wa Zambia. Kifaransa hakikutokea mara moja. Mratibu mwenyewe ameomba alipiwe darasa la kuandika ripoti kwa Kiingereza, na bosi bado anafikiria.